Nguzo ya Pwani na Nguzo ya Bara

Nguzo yangu ilisimama juu ya mwamba wa matumbawe nyuma ya shule ya msingi, upande wa Olumbi, karibu na maji kiasi kwamba siku za upepo chumvi ilikuwa ikiganda kwenye nyusi zangu. Ilikuwa nguzo ya saruji, inanifika kifuani, na kichwani ilivikwa kitu cheupe cha mviringo, mfano wa kawa ya kufunikia chakula. Kando yake palikuwa na sanduku la chuma lenye bateria, na paneli ya jua. Kazi yangu ilikuwa kufyeka majani, kufukuza mbuzi wa walimu, kupangusa vumbi na mavi ya kunguru kwenye paneli, na kupiga simu ikiwa kuna kilichovunjika. Nguzo ya pili ilikuwa bara, kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Nangade, na mtunzaji wake alikuwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mtu wa biashara. Babu yake alivuka mto Ruvuma kutoka Mtwara na majora ya nguo, akaoa huku, na tangu hapo ukoo wao una mguu mmoja kila ng'ambo. Yeye mwenyewe alikuwa na kibanda kule bara, akiuza chumvi, sabuni, kandambili na betri za tochi, na alirudi nyumbani kila bidhaa zilipomwishia. Safari moja mjini Palma alimkuta mwanamke kutoka kusini, mwalimu wa chuo kikuu, anahangaika kutafuta watu wa kumtunzia vyombo vyake, mmoja pwani na mwingine mbali na pwani. Mume wangu hakuwahi kuiona haja ya mtu akaipita. Akamwambia, "Mke wangu yuko baharini, mimi niko bara. Chukua nyumba moja upate nguzo mbili." Ndivyo yule mwanamke, ambaye sote tulimwita dotora kama tunavyowaita wasomi wote huku, alivyokuja kuketi kitandani kwangu.

Aliketi kitandani kwa sababu viti vilikuwa viwili tu, kimoja kimekaliwa na mama mkwe na kingine kimevunjika mguu. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Quitunda, kule alikohamishiwa yeye na wenzake kupisha mradi wa gesi, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mstari. Alitaka kujua huyu mgeni anapima nini.

"Napima ardhi inavyoshuka na kupanda," dotora alisema kwa Kireno, na mume wangu akatafsiri.

"Ardhi ipi?"

"Hii tunayoikanyaga, mama. Bahari ikijaa, yale maji yana uzito. Uzito unaikandamiza ardhi, nayo inabonyea. Maji yakipwa, inanyanyuka tena."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Ardhi ni mawe, mwanangu. Mawe yanabonyea?"

Dotora hakukasirika. Alijisogeza mpaka ukingoni mwa godoro, akakaa kwa uzito wake wote, na alikuwa na uzito wa kutosha, akamwomba mama mkwe aweke kiganja karibu yake, kisha akihamishe polepole mpaka upande wa ukutani. "Unasikia nini?"

"Hapa pameshuka sana," mama mkwe alisema. Akahamisha mkono. "Hapa kidogo. Huku ukutani, hata sijui kama umekaa."

"Basi ndivyo. Mimi ndiye bahari. Pwani inabonyea sana, bara kidogo, na ukienda mbali zaidi hakuna anayesikia kitu. Na pwani zenyewe hazilingani. Hapa kwenu wakati wa bamvua maji yanapanda yakashuka mno, kwa hiyo ardhi ina kazi kubwa. Ziko pwani nyingine duniani ambako maji hayafiki hata goti, na huko ardhi inalala tu. Tena kuna mahali mwamba wa chini ni mgumu na mahali ni mlaini. Siwezi kupima mahali pamoja nikasema nimeijua dunia."

"Inashuka kiasi gani?" mume wangu akauliza.

Dotora akainua kidole chake cha shahada akakilaza. Upana wa kidole, alisema, pengine zaidi kidogo, siku maji yanapojaa kupita kawaida. Na bara hata huo haufiki.

"Kwa kidole kimoja umetoka kusini yote ile!" Mama mkwe alipangusa machozi ya kicheko. Tulicheka wote, na dotora akacheka, na nikampa wali kwa pweza akala mpaka akalegeza mkanda.

Tangu hapo tukawa na utani wetu. Bamvua ikifika, mume wangu alinipigia simu kutoka bara.

"Leo maji yamejaa. Umezama?"

"Nimezama. Njoo uniopoe."

"Ngoja chumvi hii iishe. Mimi huku mkavu, sitikisiki."

Hatukujaaliwa mtoto. Maneno madogo ya namna hiyo ndiyo yaliyoijaza nyumba yetu.

Vita tulikuwa tumekwisha kuvionja. Tulishawahi kuikimbia pwani kwa miguu, na tulikuwa tumerudi, tumeezeka upya, tumeanza kulima. Kwa hiyo mtu akinisikia nikisema kwamba siku ile sikutarajia kitu, asinione mjinga. Mtu anayerudi nyumbani hutaka kuamini kwamba amerudi.

Nilikuwa shambani napalilia mihogo jirani yangu aliponijia mbio, kapulana aliyojifunga kiunoni ameikusanya mkononi ili asijikwae. Kijiji cha mume wangu kimevamiwa na waasi alfajiri, alisema. Nyumba zinawaka. Nilichukua simu nikapiga. Ikajibu ile sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu, kwa Kireno kizuri, kwamba namba hii kwa sasa haipatikani. Nikapiga tena. Nilimsikiliza yule mwanamke siku nzima, na siku iliyofuata, mpaka nikawa namchukia kama mke mwenza. Baadaye tukasikia minara ya simu kule imechomwa yote, rede, yaani mtandao, imekufa, hakuna namba ya bara inayoita.

Watu wa bara walianza kuingia Palma kwa miguu. Nilikwenda kuwapokea njiani kama ninapokea mahujaji, nikimtazama kila mmoja usoni kabla hajanifikia. Walikuwa wamebeba masufuria, magodoro yaliyokunjwa, watoto. Bibi kizee mmoja alikuwa amembeba kuku aliyekwisha kufa na hakutaka kumtupa. Wote walimjua mume wangu. "Yule wa chumvi," walisema. Mmoja alimwona jioni ya kuamkia siku ile akifunga kibanda. Mwingine alimsikia akiita watu. Kijana mmoja wa kiume alisema alimwona akikimbilia bondeni, kisha nilipomuuliza amevaa nini akasema hajui, na nikaelewa kwamba alinihurumia tu.

Nilikwenda hospitali, nikatazama vitanda. Nilikwenda kwa askari, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri, nikaambiwa nirudi nyumbani. Nilikwenda msikitini, imamu akatangaza jina lake baada ya sala, na wanaume wakatikisa vichwa. Sikuwa nakula. Nilikuwa nikitia tonge mdomoni linageuka mchanga. Nikitembea, nilihisi kana kwamba naona kila kitu kwa nyuma ya pazia, watu wanazungumza na mimi naona midomo.

Nguzo niliisahau kabisa. Nadhani wiki kadhaa zilipita. Kisha dotora akapiga simu.

"Pole sana," alisema. "Nimesikia. Pole sana, dada yangu." Kisha kwa aibu akaniambia kwamba chombo changu kimekatika, pengine paneli imeziba, lakini nisijali, anaelewa, alitaka tu kujua kama mimi mwenyewe niko hai.

"Niko hai," nilisema. Halafu, sijui kwa nini, nikauliza, "Na cha bara?"

"Cha bara kinaleta."

"Kinaleta nini?"

"Kinaleta vipimo. Kile hakitumii rede ya simu, kinazungumza na satelaiti moja kwa moja. Hakijakatika hata siku moja."

Nilikuwa nimesimama uani. Nikakaa chini palepale kwenye majivu ya jiko.

"Nani anapangusa paneli?"

"Sijui," alisema. "Dada yangu, chombo kile kinaweza kwenda chenyewe kwa muda mrefu. Jua likiwepo, bateria inajaa. Mvua ikinyesha, vumbi linaoshwa. Sitaki nikudanganye."

Nilimsikia. Maneno yake yote niliyasikia na niliyaelewa, Kireno changu ni cha shule na kinanitosha. Lakini changu cha pwani kimekatika kwa kukosa mtu, na cha bara kinaendelea. Nani angeniambia nifikirie vinginevyo? Siku hiyohiyo nilikwenda kwenye mwamba na ndoo na kitambaa. Paneli ilikuwa nyeupe kwa chumvi na kunguru. Niliisugua huku nalia, na mke wa mwalimu alinichungulia dirishani akadhani nimepata habari ya msiba.

Dotora alinitumia picha kwenye simu, mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa juu ulikuwa wangu, una mawimbi makubwa, unapanda na kushuka kadiri maji yalivyojaa na kupwa. Wa chini ulikuwa wa bara. Nao ulikuwa na mawimbi, ila madogo, ya kujikunja tu kama ukindu unaoanza kusukwa. Nilichukua simu hiyo mpaka Quitunda nikamwonyesha mama mkwe.

"Huyu mimi," nilimwambia. "Na huyu yeye."

Alisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali. Akalifuata lile wimbi dogo kwa ukucha, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Anakwenda taratibu," alisema.

"Yuko bara, mama. Bara hakubonyei sana."

"Lakini anakwenda."

"Anakwenda."

Alinirudishia simu, akaenda kutia udhu. Tangu siku hiyo hakulia tena mbele yangu, na mimi nikawa nampigia dotora mara kwa mara, asubuhi kabla hajaingia darasani. Hakuwahi kukataa kupokea. Nilikuwa simwulizi kitu kingine. "Kinaleta?" "Kinaleta." Basi, nakwenda shambani. Nilipalilia mihogo. Nilikwenda pwani maji yakipwa, nikachokoa kombe pamoja na wanawake wengine, na wao wakazungumza bei na ndoa, nami nikazungumza. Lakini nilikuwa mtu aliyening'inia kwenye uzi, na huwezi kumweleza mwenzio uzi usioonekana.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kutoka Mtwara majira ya kiangazi. Alifikia kwa mama yake Quitunda na kuniita huko. Nilipofika nilimkuta sheikh ameketi barazani, nikajua nimeitiwa nini.

Shemeji alianza kwa upole. "Shemeji, sote tuna uchungu. Mimi huyu ndugu yangu tumelala mkeka mmoja. Lakini muda umepita. Walionusurika wamekwisha kutoka, wako Palma, wako Mueda, wengine wamevuka kwetu, nimewauliza wote. Ninaona tumswalie swala ya asiyekuwepo, tumsomee, na wewe ukae eda kama wanawake wengine. Usikae hivi ukawa si mke si mjane."

"Yuko hai," nilisema.

"Umemwona?"

"Nguzo yake inafanya kazi."

Sheikh aliinua uso. Alikuwa mtu wa huruma, ndevu zake zimeanza mvi, na alimjua mume wangu tangu alipomfundisha madrasa. Akaniomba nimweleze. Nikamweleza kuhusu bahari na uzito wake, pwani inavyobonyea na bara inavyobonyea kidogo, paneli na satelaiti, na nikamwonyesha ile mistari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu," alisema, "hiki chombo kinaeleza habari za ardhi. Ardhi ya Mwenyezi Mungu inapanda na kushuka, nimekubali. Je, kinaeleza habari za mtu?"

"Kinatunzwa na mtu."

"Kimekuambia hivyo?"

Hapo mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza mlangoni muda wote, akatoka nje, akasimama kati yangu na wao.

"Mtoto ni wangu," alisema. "Nimemzaa mimi kabla hajawa ndugu yako wala mwanafunzi wako. Hamtamswalia mpaka mniletee mtu aliyemwona amekufa, au chombo kile kinyamaze."

Shemeji alifunika uso kwa kiganja. "Mama, chombo kinaweza kwenda miaka."

"Basi tutangoja miaka."

Sheikh alisema kwamba sheria nayo inajua habari ya mume aliyepotea, ina muda wake wa kungoja, na hakuna dhambi katika kungoja. Walikunywa chai iliyopoa. Shemeji alirudi Mtwara bila kuniaga vizuri, na simlaumu. Naye alikuwa amekuja kumzika ndugu yake akanyimwa.

Masika yakaingia. Mawingu yalikaa juu yetu siku nyingi mfululizo, nguo hazikauki, unga unaota ukungu. Asubuhi moja nilimpigia dotora nikauliza kama kinaleta.

"Kimekatika," alisema.

"Lini?"

"Jana. Ni mawingu, dada yangu. Hata chako kimedhoofika. Bateria haipati jua. Usifikirie mabaya."

Sijui kuzieleza siku zilizofuata. Nilikuwa nikikaa mlangoni natazama mbingu ya magharibi kama mtu anayetazama moto wa nyumba yake. Mama mkwe alinipigia kwa simu ya jirani, "Anakwendaje?" nikasema, "Anakwenda vizuri, mama," kisha nikakata kabla hajauliza lingine. Nikawa nasali rakaa zisizo na hesabu na katikati nasahau niko wapi. Nilimwomba Mungu jua. Wenzangu wote walikuwa wanashukuru kwa mvua, mpunga umeitikia, na mimi naomba jua.

Jua lilipotoka, mstari ukarudi. Dotora alinipigia mwenyewe, na sauti yake ilikuwa na furaha aliyojaribu kuificha, maana kufikia hapo naye alikuwa amening'inia na mimi. "Kimerudi," alisema. "Kinaleta." Nilipiga kigelegele peke yangu uani. Nilisema, amepangusa. Amengoja mvua ipite, amekwenda na kitambaa, amepangusa.

Nikaamua kumfuata. Nilifunga nguo chache na chupa ya maji, nikapata nafasi juu ya lori lililokuwa linakwenda upande huo na magunia ya mahindi. Kwenye kizuizi askari walitushusha. Raia hawapiti, walisema. Nilimwambia kijana aliyeshika bunduki kwamba mume wangu yuko kule. Alinitazama. "Mama," alisema, "kule hakuna mtu." Nikamwambia kuna mtu, nina hakika. Akaniuliza kwa nini nina hakika, na kwa mara ya kwanza nikalisikia jibu langu kichwani kabla ya kulitamka, likanitia hofu. Sikulitamka. Nilirudi kwa miguu, jua kali, na nusu ya njia sikumbuki.

Barabara ilifunguliwa kiangazi kilichofuata. Watu wachache walikuwa wameanza kurudi kutazama mashamba yao. Dotora alipata ruhusa ya kwenda kukagua vyombo, akapita kunichukua. Hakuniuliza kama nataka. Alifungua mlango wa gari tu, nikapanda. Njiani aliniambia mara moja, akitazama mbele, "Chochote tutakachokikuta, mimi nitakuwa hapo." Nikamwambia ahsante.

Kijiji nilikitambua kwa mwembe wa shule tu. Nyumba zilikuwa kuta nusu, na ndani ya kuta majani yamekuwa marefu kuliko mtu. Kibanda cha mume wangu kilikuwa mduara wa majivu ya zamani yaliyokwisha kugeuka udongo. Niliinama nikachimba kwa vidole. Nilipata kandambili zilizoyeyuka zikashikana rundo moja, bluu na nyekundu. Chumvi ilikuwa imelowa na kuondoka, imeacha ardhi tupu isiyoota kitu.

Nguzo ilikuwa nyuma kidogo, kwenye kilima kisicho na miti. Dotora alitangulia na panga kwa sababu hapakuwa na njia. Hapakuwa na njia. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla ya nguzo. Mtu anayekwenda mahali kila mara huacha njia. Majani yalikuwa yamesimama yote, yamefungamana na miba, hayajawahi kukanyagwa tangu masika ya kwanza. Tuliyakata mpaka tukafika. Nguzo ilikuwa nzima. Kile cheupe cha mviringo kilikuwa juu yake. Paneli ilikuwa inang'aa, safi kabisa, imeoshwa na mvua na kukaushwa na upepo, na kwenye sanduku kijitaa cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzima.

Nilikaa chini nikaegemea saruji. Dotora alikaa upande wa pili. Alikuwa analia, mimi sikuwa nalia. Nilikuwa nawaza kwamba muda ule wote, asubuhi zote zile, nilikuwa nikiulizia hali ya kilima.

Tulipokuwa tunashuka tulimkuta mwanamke mmoja wa makamo analima mahali palipokuwa uwanja wake. Alirudi na binti zake wawili, alisema, kwa sababu kule walikokimbilia waliishi kwa kuombaomba na yeye hawezi kuomba. Nilipojitambulisha aliweka jembe chini.

"Wewe ndiye wa pwani," alisema. "Alikuwa anakutaja."

"Ulimwona siku ile?"

"Nilimwona. Sisi tulikimbilia bondeni, upande wa mtoni. Yeye alikuwa na sisi. Alimbeba mama mmoja mzee mgongoni. Halafu tulipofika kwenye matete, milio ya bunduki ikawa karibu, kila mtu akashika njia yake. Baada ya hapo sikumwona. Si kwamba nimemwona amekufa, dada. Sikumwona tu."

"Hakurudi hapa?"

"Nani angerudi hapa? Hapa hapakuwa na mtu mpaka sisi."

Alinishika mikono miwili. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome. Nilitaka aendelee kunishika, na niliona haya kutaka hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amepoteza mume na wana, na alikuwa amenieleza hilo kwa sentensi moja tu, akiwa ananyoosha mgongo.

Quitunda nilifika siku iliyofuata. Mama mkwe alikuwa anatwanga. Aliniona ninavyoingia, akaacha mchi ndani ya kinu. Nilikuwa nimepanga njia nzima namna ya kumwambia, maneno ya mwanzo, maneno ya kati. Yote yakapotea. Nilimwambia hakukuwa na njia ya kwendea nguzo. Nilimwambia habari ya matete, na ya yule mama mzee mgongoni.

"Alimbeba?" aliuliza.

"Alimbeba."

"Mtoto mjinga," alisema. "Mtoto mjinga kabisa." Akakaa chini kando ya kinu, akajifunika kichwa kwa kapulana yake, na sauti iliyotoka humo sitaki kuiandika. Majirani walitoka kwenye nyumba zao za matofali wakasimama barazani, hakuna aliyethubutu kuja.

Hatukumswalia. Nilidhani mama mkwe atakubali sasa, na mimi mwenyewe sikujua kama nataka akubali. Alisema amesikia habari ya mtu aliyeonekana hai mara ya mwisho, na habari hiyo si ya kifo. Sheikh alisema nihesabu muda wa kungoja ambao sheria imeuweka. Kwa hiyo nangoja kwa sheria sasa, na si kwa matumaini, na nimegundua kwamba ni kungoja kuzito zaidi. Nilihamia Quitunda kuishi naye. Nyumba yangu ya Olumbi imekaliwa na mke wa mwalimu, na nguzo ya pwani nimemwachia yeye. Tunalima kipande chetu cha mchanga, tunavuna mihogo myembamba. Wakati mwingine mama mkwe anakaa mbele yangu akanitazama muda mrefu, na ninajua anataka kuniuliza kitu, na ninajua ni kitu gani. Simu yangu bado ina ile picha.

Kwa nguzo ya bara dotora alitafuta mtunzaji mpya, nami nikamtajia yule mwanamke wa jembe. Minara ya simu ilikuwa imeanza kusimamishwa tena. Mwezi uliopita nilikuwa namenya mihogo simu ikaita, na namba ilikuwa ngeni, nami nikaikumbuka ile minara ya bara. Niliweka kisu chini. Mama mkwe aliona uso wangu, akasimama. Nilibonyeza, nikaweka sikioni.

"Haloo? Dada wa pwani?" Alikuwa yule mwanamke, anapiga kelele kama wanavyopiga kelele watu wasiozoea simu. "Ni mimi huku! Nimeanza kazi! Nilitaka kukuuliza, hiki kioo cha jua, nikioshe kwa sabuni?"

Mama mkwe alikuwa bado amesimama, mkono mdomoni. Nilitikisa kichwa kumwonyesha kwamba siye. Akageuka polepole akaingia ndani.

"Maji matupu," nilisema. "Usitie sabuni. Na kitambaa kiwe laini."

"Maji matupu. Haya. Na majani?"

"Fyeka mpaka chini," nilimwambia. "Uweke njia."